Chakula Kisichotaka Jiko

Ukimwambia Mwalimu, "Embe hii imeiva," hakukujibu kama limeiva au bado. Alipaza sauti tu: "Ngeli!" Neno moja, na wewe umesimama mlangoni na embe mkononi, jasho linakutoka, unatafuta kosa liko wapi. Embe hili. Limeiva. Ukishalipata kosa ndipo alipolipokea embe, akalibonyeza kwa kidole gumba karibu na kikonyo, akasema, "Limeiva nusu. Lirudishe juani."

Alinifundisha nikiwa msichana huko Mbooni, sayansi kimu asubuhi na Kiswahili mchana. Nikaolewa Kanyangi nikijua nimeachana naye. Wapi! Nimeamka asubuhi ya kwanza, namwaga maji ya kuoshea vyombo, nasikia sauti kutoka ng'ambo ya ua wa minyaa: "Wewe, mtoto wa Mbooni! Huku maji hayamwagwi ovyo, yanapewa mche." Kumbe alikuwa amestaafu, na boma la marehemu mumewe ndilo lililopakana na letu. Nilitaka kurudi kwetu siku hiyo hiyo. Sikurudi, na sasa sijui ningekuwa nani bila huyo mwanamke.

Kiswahili changu hiki chenye adabu ni chake. Makosa ni yangu na ya Ukambani nzima. Maana sisi huku lugha hii tumeivaa kama koti la kuazima, mikono mirefu, vifungo havitoshi. Kwetu kila kitu ni "hii", na kila kitu "iko na". Mbuzi iko na njaa. Kiti iko na mguu mbaya. Mtoto iko na homa. Mwalimu alisikia hiyo "iko na" akashika kichwa. "Iko na, iko na! Nani kawaroga? Mtoto ana homa! Kiti kina mguu mbaya!" Alimsahihisha chifu mbele ya baraza. Alimsahihisha mchungaji katikati ya sala, kwa sauti ya chini, lakini benchi zima likasikia. Watu walimwogopa, na wengine, nisiwe mnafiki, walimchukia kidogo.

Sasa nieleze hili la gari, kwa sababu ndilo lililomfanya ajulikane hata na watu wasiokuwa na habari ya ngeli.

Uani kwake palikuwa na pikapu ya mumewe. Injini ilikufa kabla ya mwenyewe, na magurudumu yalikuwa yameanza kuzama ardhini. Wanunuzi wa vyuma chakavu walikuja mara nyingi wakafukuzwa kwa fimbo. Ndani ya pikapu hiyo ndimo Mwalimu alimotengenezea chakula. Ungemwona saa nne asubuhi amevaa kofia ya majani, amefungua mlango wa dereva, anatandika kitambaa cheupe juu ya dashibodi na kwenye kiti, anapanga vipande vya embe kimoja kimoja visigusane. Kisha anafunga milango, anateremsha vioo kidogo, upana wa kidole tu, ili unyevu upate pa kutokea. Juu ya ule upenyo anabandika chandarua, nzi asiingie. Jua la Kanyangi mnalijua. Mwezi wa kwanza ukishika usukani wa gari lililoegeshwa nje, utaacha ngozi hapo.

Kina mama wa kanisa walipelekwa Makueni kuonyeshwa mashine ya umeme ya kukaushia matunda. Walirudi wakiisifu: unapanga, unabonyeza, unaenda zako kulala. Mwalimu akawauliza, "Na stima ikipotea?" Wakaangaliana, maana wengi wao stima haijafika hata mlangoni. "Basi mimi yangu ninayo," akasema, "tena ina magurudumu manne." Wakacheka sana. Naye akacheka, na hilo halikuwa jambo la kila siku.

Lakini wengine walicheka kwa ubaya. Walimwita Mwalimu Mbichi. Siku moja nimepeleka nguo za shule sokoni Tulia, kwa sababu mimi ni fundi wa cherehani na wateja wangu wengine wako huko, nikakutana na mwenzangu tuliyesoma naye Mbooni. Akaniambia, "Ati Mwalimu siku hizi hapiki? Anakula vitu vibichi kama mbuzi? Si ndiye alituchapa kwa ajili ya ugali?"

Kweli alituchapa. Ukipika ugali ukabaki na unga ndani, Mwalimu alikukalisha chini ukaula wote, mbele ya darasa, halafu ndipo ukapata fimbo. Tukikamatwa nyuma ya choo na embe bichi la chumvi na pilipili, tulihubiriwa habari ya tumbo mpaka tukaumwa na tumbo lenyewe. "Kisichoiva ni ugonjwa!" Aliandika hivyo ubaoni kwa herufi kubwa. Na huyo huyo, uzeeni, akawa anatengeneza chakula ambacho hakikuona moto hata chembe. Nilimjibu yule mwenzangu vibaya, nikaondoka bila kumuaga. Hakujua sababu. Mimi nilikuwepo sababu ilipokuja.

Mwalimu alikuwa na mtoto mmoja tu, Mwende. Msichana mrefu, mcheshi, mwenye mwanya mpana katikati ya meno ya mbele ambao wavulana wa Kanyangi walikuwa wanausifu mpaka mama yake akaona haya kwa niaba yake. Alisoma, akakosa kazi, akakosa tena, akaenda Uarabuni kufanya kazi ya nyumbani. Mama yake hakutaka. Lakini alikuwa ameshasema "hapana" kwa mambo mengi ya Mwende, na hiyo hapana ya mwisho haikupata nguvu.

Siku hiyo tulikuwa tunapukuchua mbaazi kibarazani kwake, simu iko juu ya kinu, sauti imefunguliwa sote tusikie.

"Unakula vizuri?" Mwalimu akauliza.

"Nakula, Mama."

"Unakula nini?"

Mwende akasema, "Mama, hapa jiko si langu. Nikimaliza kuwapikia watu linafungwa. Nakula kilichobaki, kama kimebaki."

"Na chumbani kwako?"

"Chumbani hakuna hata pa kuchemshia chai. Lakini usijali, mimi ni mzima."

Wakaongea mengine, wakaagana. Mwalimu akarudi kwenye mbaazi zake. Alipukuchua ganda baada ya ganda, mpaka nikataka kulia kwa ajili yake. Halafu akasema kwa sauti ile ile ya darasani, "Basi tutapika bila jiko."

Hapo ndipo pikapu ilipofufuka.

Mambo ya kwanza yalikuwa aibu tupu. Ilikuwa mwezi wa kumi na moja, mawingu yanakuja na kuondoka, na yeye akawa na haraka. Alipanga maembe, mvua ikanyesha, akayaacha garini vioo vimefungwa kabisa, jua likatoka, mvua tena. Siku chache baadaye mzee wa kanisa alipita akaja kwangu ana uso wa msiba. "Mama," akaniambia, "sisemi neno baya juu ya mtu. Lakini kwa Mwalimu kunanuka kaluvu." Pombe! Kwa Mwalimu, aliyekuwa hanywi hata soda! Tukaenda wote. Akafungua mlango wa pikapu, harufu ikatupiga usoni sawasawa, chachu tupu, na povu jembamba juu ya dashibodi. Mwalimu akatoka nyumbani akatukuta tumesimama hapo. Mzee akasafisha koo: "Mwalimu, gari hii iko na..."

"Gari hili lina!" Mwalimu akafoka.

Mzee wa watu akaomba msamaha na kwenda zake. Mbuzi wangu ndiye aliyekula yale maembe, na jioni alilala kwenye mlango wa jirani akakataa kuamka. Nilicheka hadi nikakaa chini. Mwalimu hakucheka. Alisugua pikapu kwa maji ya ndimu akilia, na mimi nikajifanya sioni.

Baada ya hapo hakufanya haraka tena. Alijifunza kukata vipande vyembamba vya kulingana, "la sivyo kimoja kinakauka na kingine kinalia." Alijifunza kuvigeuza jua likiwa la utosi, na kuviingiza ndani kabla umande haujashuka. Kipande alikipinda: kikivunjika umekichelewesha, kikitoa maji umekiwahi, kikijikunja kimya kama ngozi, hicho ndicho. Na hata kikiwa tayari hukukifunika hapo hapo. Ulikiacha kipoe, kwa sababu joto likifungiwa mkebeni hutoa jasho, na jasho huzaa ukungu. Mama mmoja wa Kiislamu mwenye duka Kitui mjini, ambaye shemeji yake husafiri kwenda Uarabuni kwa biashara, ndiye aliyekubali kumbebea mizigo mpaka kwa Mwende. Ndiye pia aliyemwambia apake ndimu ili embe lisigeuke jeusi. Alisema bismillahi, akaonja kipande, akaomba kingine.

Embe peke yake halishibishi. Kwa hiyo Mwalimu akaloweka ndengu, akazifunga kwenye kitambaa cha melikani nilichomshonea, zikatoa mikia. Akazisaga kwa jiwe, akachanganya na ufuta, asali na ndizi mbivu ambazo nilimletea kutoka kwetu Mbooni, ingawa alizitukana kwanza: "Mbooni mna baridi sana, hata ndizi zenu zinaiva kwa aibu." Aliutandaza ule mchanganyiko kwenye sinia, wembamba wa kitenge, akauingiza garini. Ulitoka mkate laini, mweusi kidogo, mtamu, wa kukunjwa na kutiwa mfukoni. Aliuita mkate wa jua.

Nilimuuliza kama haoni vibaya kula na kulisha watu vitu vibichi, yeye aliyetuambia yale ya ubaoni. Aliniangalia kama nimerudi darasa la nne. "Embe likiwa mtini, tunasema linafanya nini?" Linaiva, Mwalimu. "Ugali ukiwa jikoni?" Unaiva. "Basi Kiswahili kinajua kwamba ni kazi moja. Nani aliyewaambia jua si jiko?" Akanipa kipande. Sijapata kula kitu kitamu namna ile, na sikumwambia, maana yeye pia hakuwa mtu wa kusifu.

Hilo lilikuwa tatizo lake kubwa, mdomo wake haukujua maneno mororo. Mwende akipiga simu, mama yake hakusema "nakupenda" wala "nimekukumbuka". Alisema, "Mkate ulifika mzima au ulivunjika?" Alisema, "Embe linatoa maji? Usinidanganye." Mwende alimjua. Siku moja alimwambia, "Mama, usiku natafuna kipande kidogo kidogo nisikimalize. Nasikia Kanyangi mdomoni." Mwalimu akajibu, "Tafuna vizuri, kisije kikakukwama kooni," akaniwekea simu mkononi niagane na Mwende mimi, akaingia nyumbani. Alikaa huko muda mrefu.

Halafu ikaja ile simu nzuri. Mkataba unaisha. Mwende anarudi.

"Usikaushe tena, Mama," alisema, na kicheko chake kilisikika mpaka kwangu ng'ambo ya ua. "Ya kukauka nimeshiba. Niachie mtini. Nataka embe lililoiva, nilile nimesimama, maji yachuruzike mpaka kwenye kiwiko."

"Mvumilivu hula mbivu," Mwalimu akamwambia.

"Ngeli!" Mwende akapiga kelele. "Embe ni li-ya!"

"Methali haisahihishwi, mjinga wewe," mama yake akasema, na hapo sauti yake ililainika mpaka nikageuza uso. Nadhani hilo "mjinga wewe" ndilo neno tamu kuliko yote aliyowahi kumwambia mtoto wake.

Akaosha pikapu, akaiacha wazi ipate hewa. Mwembe wake wa pembeni ya tangi akaupiga marufuku, hakuna kuchuma. Alinifanya nishone vifuko vya chandarua, akapanda ngazi yeye mwenyewe na magoti yale, akavifunga kwenye maembe mazuri, ndege na nyani wasiyaguse. Kila asubuhi aliyatembelea. "Lile la juu ni lake," aliniambia. "Lile la kushoto lina kovu, utakula wewe." Nikamwambia asante. Alikuwa na furaha, na furaha ilimfanya mkali zaidi, akasahihisha hata redio.

Mwende hakurudi. Nalisema hivyo kwa sababu sijui namna nyingine ya kulisema. Simu ilitoka kwa msichana mwenzake wa huko. Aliugua ghafla, alisema. Alilala, asubuhi hakuamka. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, akasema "asante kwa kuniarifu," akaweka simu juu ya kinu, akabaki amesimama mkono umenyooka vile vile. Nilipiga mayowe mimi. Woi, Mwende! Watu walikuja wakidhani ni mimi niliyefiwa.

Mwili ulichelewa kuja. Karatasi hii, karatasi ile, siku zinakwenda. Na maembe hayakujua. Yaliiva. Yaliiva vizuri kabisa, mekundu mashavuni, yakanukia boma zima, yakaanza kuanguka moja moja ndani ya vile vifuko vyangu. Usiku kucha unasikia pu, pu. Hakuna aliyethubutu kula hata moja. Niliomba jua litoweke. Nilimkasirikia Mungu, na bado sijamaliza kumkasirikia, na mchungaji akisoma hapa ajue hivyo.

Siku ya mazishi mchungaji alisimama na kipaza sauti, akasema kwa huruma, namsifu kwa hilo, "Ndugu zangu, hatuna maneno. Kidonda hii bado ni mbichi."

Tuliopita mikononi mwa Mwalimu tulikuwa wengi pale, watu wazima wenye watoto. Sote tuligeuka kumwangalia. Nakwambia tulingoja. Kidonda hiki. Kibichi. Hata mchungaji alisita, akamtazama, kama anamwomba amkatize. Nilisema moyoni, sema, Mwalimu, sema neno lako, tupige makelele, tucheke, chochote. Alikaa ameangalia mikono yake. Hapo ndipo nilipojua kwamba tumezika wawili.

Mvumilivu hula mbivu. Nimefikiri sana juu ya methali hiyo nikiwa kwenye cherehani. Nimetafuta aliyekula. Mwende alivumilia jiko la watu, mama yake alivumilia jua na mawingu, na mbivu zilioza mifukoni.

Begi la Mwende lilikuja nyuma. Aliniita tulifungue pamoja. Nguo zilizokunjwa vizuri, kitana, Biblia ndogo, na mkebe wa mwisho aliotumiwa. Mkebe ulikuwa mtupu, kipande kimoja tu cha embe chini. Mwalimu akakitoa akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Kilikuwa kimeng'atwa pembeni. Alama ya jino, alama ya jino, na katikati kijinofu kilichobaki kimesimama, pale ambapo mwanya ulipita. Alikitazama, akanionyesha, akakirudisha, akafunika.

Tangu hapo hakuwahi kunisahihisha tena. Nilikuwa namtegea makusudi. Naingia na kikombe, nasema, "Mwalimu, chai hii iko na sukari?" Anasema, "Iko sawa." Nakwenda kwangu nalia.

Mwezi wa kwanza huu, mchana wa jua kali, nilikuwa naanika nguo nikatupa jicho ng'ambo ya ua. Milango ya pikapu imefungwa. Kumbe ndani kuna mtu. Nilikimbia, nikapita katikati ya minyaa, utomvu ukanichoma mkono, nikavuta mlango. Mwalimu alikuwa ameketi kiti cha abiria, kofia kichwani, jasho linamtiririka mpaka shingoni. Dashibodi imetandikwa kitambaa cheupe, na vipande vya embe vimepangwa, vyembamba, vya kulingana, havigusani.

"Mwalimu! Utakufa humu!"

"Funga mlango," alisema. "Joto linatoka."

Nikaingia upande wa dereva nikafunga. Sikujua la kufanya jingine. Tukakaa sote wawili tunaangalia mbele, kama watu wanaosafiri. Nikamuuliza maembe ni ya nani.

"Kuna msichana wa Tulia anaondoka wiki ijayo," alisema. "Mama yake alikuja. Huko anakokwenda, na yeye hatakuwa na jiko."

Akaninyooshea mikebe iliyokuwa miguuni, na kifuko cha vipande vya jana vilivyopoa usiku, nianze kujaza. Nilijaza. Kila kipande nilikipinda kwanza, kama alivyonifundisha. Mikebe ikajaa, na vipande bado vipo. Nikaona mkebe mmoja umebaki mapajani kwake, ameukumbatia kwa mikono yote miwili. Nikanyoosha mkono niuchukue. Mfuniko ulikuwa umelegea, nikaona ndani kipande kimoja, peke yake, cheusi sasa, kimeng'atwa pembeni.

Mwalimu akanishika kifundo cha mkono. Hakunishika kwa nguvu.

"Hiyo wacha," akasema. "Hiyo iko na mwenyewe."

Nilimwangalia. Alikuwa anaangalia mbele, kwenye kioo. Mambo yote aliyonifundisha yalinijia ulimini, huo, una, nikayameza.

"Sawa, Mwalimu," nikamwambia. "Iko na mwenyewe."